Udongo Uliolazwa

Mimi sina subira, na wafanyakazi wa kitaluni kwangu wananiita Msumari wakidhani sisikii. Nasikia. Nawaacha tu, maana jina lenyewe limenikaa. Nikiona mche umepandwa umepinda nasema. Nikiona mtu amezubaa huku mpira unamwaga maji ovyo nasema, na nikikosewa mimi mwenyewe ndiyo kabisa, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo asije mtu akaniomba nisimulie habari hii kwa upole. Upole ulikuwa wa mdogo wangu.

Tumeachiana ziwa, mimi na yeye. Mimi nilipewa mdomo, yeye akapewa mikono. Kitaluni walimwita Kidole, kwa sababu hakuwa na kipimo cha maji wala nini. Alikuwa akipita kwenye mistari ya viriba vya miche anachomeka kidole chake cha shahada kwenye udongo, kiriba baada ya kiriba, kisha anasema huu una kiu, huu umeshiba, huu nani kaukosea adabu. Ukimwangalia ungedhani anawaamsha watoto waende shule. Kitalu kilikuwa chetu sote wawili. Yeye aliotesha, mimi niliuza na kugombana na wateja.

Tunaotesha miche ya malimau na machungwa. Sasa mlimau una mambo yake, lazima niyaeleze hapa, la sivyo hutanielewa ninalilia nini. Udongo wa kuoteshea tunaupika kwanza. Tunaujaza kwenye pipa, tunawasha moto chini, mvuke unapanda mpaka magonjwa yote ya mizizi yanakufa. Ni kazi ya jasho lakini haikwepeki. Shida ni kwamba moto hauna macho. Unaua wabaya, unaua na wazuri, udongo unabaki safi na hauna faida kwa mtu. Ukipanda mlimau humo unaota vizuri, unatoa majani mawili matatu, halafu unasimama pale pale, wa njano, mwaka mzima, kama mgeni aliyeachwa mlangoni.

Wazuri wenyewe ni fangasi. Najua, watu wakisikia fangasi wanaanza kujikuna vidole vya miguu. Hawa si wale. Hawa wanaishi ndani ya mizizi ya mti, wanatoa nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni, nyuzi zinakwenda mbali kwenye udongo ambako mzizi haufiki, zinaleta chakula nyumbani. Mti nao unazilipa kwa sukari. Chuoni wana jina lao refu. Kitaluni kwetu tuliziita nyuzi, basi.

Nyuzi zetu mdogo wangu alizitoa chini ya milimau ya zamani, kwenye bustani iliyoachwa huko mlimani. Miti ile hakuna aliyeitia mbolea tangu bibi yetu hajaolewa, na bado ilikuwa inazaa mpaka matawi yanagusa chini. Akasema hapa kuna mtu anafanya kazi asiyeonekana. Akachota udongo, akaja nao, akapanda nyasi ndani yake kwenye vyungu, nyuzi zikaingia kwenye mizizi ya nyasi zikaongezeka. Akachagua chungu kilichofanya vizuri kuliko vyote, akaanzia hicho tena. Alifanya hivyo miaka na miaka, huku mimi nikimcheka kwamba anafuga mifugo isiyo na maziwa wala ngozi. Baadaye bustani ile ilikatwa ikajengwa maghala, pakamwagwa zege mlima mzima. Kuanzia hapo nyuzi zile zikabaki kwake tu, duniani kote hakuna kwingine.

Msimu ukiisha alikuwa anaulaza udongo. Hilo ni neno letu la kitaluni. Unaacha kumwagilia, nyasi zinajifia, unakatakata mizizi yake unaichanganya na udongo ule ule, unaanika kivulini mpaka ukauke, unatia kwenye mifuko ya nguo inayopumua, unaweka mahali pakavu, penye baridi na giza. Hapo nyuzi zinalala. Zinaacha vimbegu vyake ndani ya udongo, vinangoja. Siku ya kupanda unatia konzi moja kwenye kila kiriba, mzizi wa mlimau ukishatoka na maji yakishaingia, zinaamka zenyewe. Kulaza na kuamsha, kitaluni kwetu hata mfagiaji anajua maana yake.

Mahali penye baridi ndiyo ilikuwa shida. Stoo yangu ni ya mabati. Mchana ukiingia mle unatoka umeiva. Mdogo wangu alikataa katakata kuweka mifuko yake humo, akawa anaipeleka kwake, kwa sababu nyumba ya mume wake ina chumba cha mawe huko nyuma, kuta nene, jua halijawahi kukiona. Ni nyumba ya mwokaji mikate. Mbele kuna tanuri na dirisha la kuuzia, katikati wanaishi, nyuma ndiko kwenye hicho chumba.

Shemeji yangu huyo mwokaji ni mtu mnene, mkimya, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya sikukuu. Mwanzoni sikumpenda. Nilimwambia mdogo wangu mbele yake, huyu ukimwuliza jambo asubuhi anakujibu jioni. Mdogo wangu akacheka. Akasema sisi wawili tumeoana kwa sababu ya fangasi, dada: yeye ana hamira, mimi nina nyuzi, nyumba nzima inafuga. Shemeji akacheka naye, jioni yake, kama nilivyosema.

Hawakujaliwa mtoto. Walitafuta, wakachoka, wakanyamaza, na sisi ndugu tukajifunza kutouliza.

Halafu akaugua. Ugonjwa ulianzia kwenye damu, ukawa unampandisha homa na kumshusha, na madaktari hawakutuzungusha, walitwambia mapema kwamba wanachoweza ni kumpunguzia maumivu tu. Msimu huo hakuweza kujaza vyungu vyote. Alijaza vichache, akiwa amekaa kwenye kigoda, na mimi nikimpigia kelele apumzike, yeye ananinyooshea kile kidole chake ninyamaze. Alipoona mwili unamkataa, aliulaza udongo ule kwa mikono yake, akaushona kwenye mifuko, akaipanga kwenye chumba cha mawe. Mifuko ile ilikuwa yote tuliyokuwa nayo. Ikiharibika hiyo, kazi yake yote imekwisha, hakuna pa kuchota tena; miche ya nyuma tulishaiuza mbali, na huko nyuzi zake zimeshachanganyika na za udongo wa watu. Nililijua hilo, naye alilijua.

Akalazwa hospitali, na hakutoka.

Sitaeleza mazishi. Baada ya hapo sikuweza kukanyaga nyumba ile. Niseme wazi, nilikuwa naogopa kuziona kandambili zake mlangoni. Mifuko sikuwa na wasiwasi nayo, mwenyewe nilishaiona imepangwa pale kwenye baridi, ikingoja msimu. Kila nilipokosa usingizi nilikuwa najiambia, bado yupo kidogo, yumo mle ndani ya mifuko, nikimpanda ataota.

Msimu ulipofika shemeji aliileta mwenyewe, kwa baiskeli yake ya mikate. Alikuwa amevaa shati lile la mazishi na amenyoa. Akaishusha mmoja mmoja kama mtu anayeshusha mayai.

"Dada," akasema, "nimeilaza vizuri."

"Mungu akubariki, shemeji," nikamwambia, na nilikuwa na maana hiyo kabisa. Mifuko ilikuwa na harufu ya uchachu kidogo. Sikuishangaa, maana kila kitu kinachotoka nyumba ile kinanukia hamira. Hata mdogo wangu alikuwa ananukia mkate, nilizoea kumtania kwamba siku moja mbwa watamla.

Tukapanda. Viriba vyote vya kitalu kizima, kila kimoja na konzi yake. Nilitia kwa mkono wangu, sikumruhusu mtu mwingine. Nina mfanyakazi mmoja anaitwa Bubu, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Hata yeye siku hiyo alisema kwa sauti ya chini.

Na shemeji akaanza kuja. Akishauza mikate yake anakuja na mmoja kwenye mfuko wa karatasi, anatukabidhi, anageuza ndoo anaikalia karibu na mistari ya miche. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Zimeamka?"

"Bado, shemeji. Zipe muda."

"Sawa. Mimi nangoja."

Basi anakaa. Mtu yule ambaye hakuwa na maneno akawa anaongea, jamani. Alikuwa ananisimulia mdogo wangu, mambo ambayo hata mimi sikuyajua: kwamba alikuwa anaimba vibaya jikoni, kwamba hakuwahi kumaliza chai kikombeni hata siku moja, kwamba siku ya kwanza alikuja dirishani kununua mkate akauchomeka kidole kuona kama umeiva, akamharibia mkate. "Nikamwambia ulipe," akasema shemeji. "Akaniambia njoo nyumbani ukadai." Bubu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaanza kumpenda yule mtu, kweli kabisa, kwa mara ya kwanza, nikawa nachungulia njia saa zake zikikaribia.

Miche ikaota. Ilikuwa ya kijani, imesimama vizuri, nikampigia mdogo wangu vigelegele kimoyomoyo. Majani mawili, matatu. Halafu ikasimama. Nikasema ni baridi. Nikasema ni maji, nikamgombeza Bubu bure. Nikasema ni mbegu za yule mwizi wa sokoni. Majani yakaanza kuwa ya njano kuanzia kwenye mishipa, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka ukutani. Siku Bubu alipoacha kuongea ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika, maana alikuwa anapita kwenye miche ameinamisha kichwa, hataki kukutana na macho yangu.

"Zimeamka?" shemeji akauliza siku hiyo, akaketi kwenye ndoo yake.

"Bado," nikasema, nikageukia upande mwingine nikajifanya nafunga mpira.

Kesho yake nikang'oa miche michache, nikachukua na mfuko uliobaki, nikaenda chuo cha kilimo. Pale maabara yupo mama mmoja mrefu, mtafuna kalamu, alikuwa rafiki wa mdogo wangu. Walikuwa wakikaa pamoja saa nzima wanachungulia mizizi na kupigiana kelele za furaha kama wasichana wanaoangalia picha za harusi. Aliponiona na ule mfuko alielewa umetoka kwa nani, akaupokea kwa mikono miwili.

Akaosha mizizi, akaichemsha, akaitia rangi ya buluu, akaweka kwenye hadubini. Akaangalia. Akabadilisha kipande kingine, akaangalia tena. Kalamu ikatoka mdomoni.

"Njoo uone," akasema.

Nikachungulia. Niliona mizizi. Safi, myeupe, mitupu.

"Za kwake zilikuwa zinajaa humu," akasema. "Nyuzi za buluu kila mahali, na vifuko vya mviringo. Hapa hakuna kitu. Hakuna hata mmoja."

"Labda zimechelewa."

Alichukua udongo wa kwenye mfuko, akauchuja kwa maji, akaweka alichopata chini ya kioo, na hapo alikaa muda mrefu sana. Aliponigeukia macho yake yalikuwa yamelowa.

"Vimbegu vyake vimebaki maganda. Udongo huu ulipata joto na maji, tena kwa muda mrefu. Viliamka."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Viliamka hakuna mzizi, dada yangu. Vikatoa uzi vikatafuta, vikakosa. Akiba yake ni ndogo, vikaishiwa. Zaidi ya hapo ukaingia ukungu wa kuoza." Akanirudishia mfuko. "Ulihifadhiwa wapi?"

Sikumuaga. Damu ilikuwa imenipanda kichwani, naona njia nyekundu. Nilitembea kutoka pale chuoni nikiyapanga maneno, na niliyapanga vizuri, maana nilikuwa nataka kumpa yule mtu vidonge vyake vyote, kimoja baada ya kingine, asisaze. Miaka yote ya mdogo wangu! Kitu kimoja tu aliachiwa akiangalie!

Nilimkuta peke yake, mchana, amevaa aproni anakanda unga. Dirisha la kuuzia lilikuwa wazi. Aliponiona uso wake wote ulifunguka.

"Dada! Umeingia nyumba hii! Karibu, karibu. Zimeamka?"

"Shemeji," nikasema, "ile mifuko uliiweka wapi?"

Akafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alifurahi nimemuuliza. Alipangusa mikono, akanishika kiwiko, akanipeleka ubavuni mwa tanuri, akafungua mlango mdogo. Joto likanivaa usoni. Kilikuwa kichumba chake cha kuumulia mikate, rafu kutoka chini mpaka juu, kwenye trei madonge ya unga yamefunikwa vitambaa vibichi. Rafu ya katikati ilikuwa tupu na imepanguswa.

"Hapa," akasema. "Ndipo pazuri kuliko pote. Mikate niliihamishia chini. Nilichana mashuka yake, nikawa nayalowesha naifunika, kila asubuhi nabadilisha. Sikukosa hata asubuhi moja, dada. Siku ya kukuletea ndiyo nikaianika juani ikauka, ili ipendeze."

"Kwa nini uliitoa kwenye chumba cha mawe?"

"Tulipotoka kuzika niliingia mle. Nikaikuta iko chini, kwenye sakafu, gizani, baridi inauma. Nikasema hapana. Yeye sikuwa na la kufanya, wamemweka huko. Lakini hii siiachi kwenye baridi." Akaipangusa rafu kwa kiganja. "Na mwenyewe aliniagiza. Siku anakwenda hospitali aliniambia, mifuko yangu ilaze vizuri mpaka dada aje kuiamsha. Sasa kulaza si ndiyo kazi yangu? Nalaza unga tangu sina ndevu. Unaulowesha, unaufunika, unauweka kwenye joto, unaungoja. Hamira ni fangasi, na zake fangasi. Nikajua ni ndugu."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa pale mdomoni. Mtu mwenye busara angeyameza. Mimi ni Msumari.

"Umezipika!" nikapiga kelele. "Umezipika, shemeji! Kulaza kwetu ni kukausha! Ni baridi! Mdogo wangu alizileta kwako zipate baridi, wewe ukazitia kwenye moto ukazimwagia maji! Zimekufa zote! Kitalu kizima hakuna hata moja, na hakuna pa kuzipata tena, hakuna, hakuna!"

Nilipiga na teke mlango wa kile kichumba, trei zikalia. Kisha nikaishiwa na pumzi.

Shemeji alikuwa amesimama vilevile, mkono mmoja juu ya ile rafu tupu. Hakujitetea. Ningekuwa mimi ningejitetea mpaka kesho. Alikaa kimya kwa namna yake ile ya zamani, swali la asubuhi jibu la jioni, na nikaanza kuogopa.

"Zilikufaje?" akauliza.

Hasira yangu ilikuwa imeshaanza kunitoka miguuni. Nikamwambia alivyoniambia yule mama wa maabara, kwa sauti ya chini sasa. Kwamba joto na maji viliziamsha. Kwamba zilitoa uzi kutafuta mzizi.

"Kwa hiyo ziliamka."

"Ziliamka, shemeji."

"Hapa. Mikononi kwangu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa naongea nazo," akasema. "Asubuhi nikibadilisha kitambaa nazisalimia. Nawaambia, laleni tu, dada atakuja. Kumbe wameamka wanatafuta."

"Hukujua. Shemeji, nisikilize, hukujua. Neno ni moja, sisi tuna maana yetu na nyinyi mna yenu. Hata mimi sikufikiria kukuuliza."

Hakunisikia. Alikuwa ametazama chini, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Pale hospitali," akasema taratibu, "siku zile za mwisho alipokuwa hawezi tena kusema. Mchana ulikuwa zamu yangu. Alikuwa anasukuma blanketi. Hana nguvu, anasukuma kwa mguu tu, kidogo kidogo, mpaka linaanguka. Mimi naliokota namfunika. Anasukuma tena, namfunika tena. Nikasema maskini, hajui anachofanya. Nikaenda nyumbani nikaleta lingine, zito. Nesi akaniambia mwache, mzee, nikamgombeza nesi." Akainua macho. "Dada, mke wangu alikuwa anataka nini?"

Tulikuwa tunapokezana pale kitandani. Asubuhi zilikuwa zangu. Kila nilipofika nilimkuta amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, anawaka homa, nikawa nawalaani manesi. Nilikuwa nayatoa yote, nafungua dirisha, namwekea kitambaa cha maji ya baridi kifuani, na mdogo wangu alikuwa anashusha pumzi ndefu, anafumba macho, analala. Nilijua vizuri alichokuwa anataka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua ila mimi.

"Alikuwa anaona baridi," nikasema. "Ulifanya vizuri kumfunika."

Shemeji aliondoa mkono kwenye rafu.

"Wewe hujui kusema uongo, dada," akasema. "Hujawahi. Nakuomba usianze na mimi."

Jamani, nilitafuta. Nilitafuta neno lolote kichwani mwangu, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikakosa.

"Alikuwa anasikia joto, shemeji," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kwa adabu, kama mteja aliyeambiwa mikate imekwisha. Akakaa chini kwenye sakafu, katikati ya trei, akajifunika uso kwa mikono yake yenye unga, na akalia. Hakuwa amelia kaburini. Hakuwa amelia kwenye ndoo kule kitaluni akisimulia habari zake. Sasa alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, nami nikapiga magoti nikamshika kichwa, nikamwambia ulimpenda, shemeji, ulimpenda, alijua, na sikuwa na uhakika kama ananisikia.

Watu walianza kugonga dirishani. Ilikuwa saa ya mikate na foleni ilishajipanga, wanaitana, wanauliza kuna nini leo. Mtu ilibidi aende. Nikaenda mimi, nikawa natoa mikate kwenye rafu nawapa, na kwa kuwa sikujua bei, wateja wakawa wananitajia wenyewe, nami napokea tu, machozi yananitiririka, huku nyuma yangu yule mwanamume anamwita mdogo wangu kwa jina lake, anamwomba msamaha.